Kabla ya kuwasha mashine ya vakyumu: kugandisha mboga na matunda yakabaki na ladha

Mashine ya vakyumu ina kazi moja, kutoa hewa mfukoni na kuuziba mfuko. Kazi hiyo inaifanya vizuri, na nitaieleza kwa kirefu. Lakini haiui bakteria, haizimi vimeng'enya, haikaushi mboga iliyoingia ikiwa imeloa, wala hairudishi uzima wa tunda lililokwisha kulegea. Utamu wa kile utakachokila miezi minane baadaye huamuliwa mapema, kwenye sufuria, kwenye maji ya barafu, kwenye taulo na kwenye sinia. Anayeruka hatua hizo na kuitegemea mashine peke yake huishia na mfuko uliobana vizuri, wenye maharagwe machanga yaliyofifia rangi na kunuka kama nyasi kavu.

Kwa nini mboga huchovywa kwenye maji yanayochemka

Friza inayofanya kazi sawasawa hukaa kwenye nyuzi 18 za Selsiasi chini ya sifuri, au baridi zaidi. Katika baridi hiyo bakteria, chachu na ukungu huacha kuzaliana. Vimeng'enya haviachi kazi. Hizo ni protini ambazo mmea huzitumia kukua na kuiva, na baada ya kuvunwa zinaendelea: hula rangi ya kijani, huvunja mafuta machache yaliyomo na kuacha harufu mbaya, hulegeza nyama ya mboga, hupunguza vitamini C. Baridi huvipunguza kasi tu. Kinachovizima ni joto, kwa kuwa joto huharibu umbo la protini zenyewe.

Ndiyo maana karibu kila mboga inayokwenda kwenye friza kwa zaidi ya wiki chache hupitishwa kwanza kwenye maji yanayochemka kwa muda uliopimwa, kisha hupozwa ghafla. Faida nyingine zinafuata hapo hapo: uchafu na sehemu ya vijidudu vya juu huondoka, rangi hukolea, na majani hunywea yakachukua nafasi ndogo mfukoni.

Muda huo usikadiriwe kwa macho. Mboga ikitoka mapema mno, joto linakuwa limeamsha vimeng'enya na kuzipasua seli bila kuvizima, na matokeo yake ni mabaya kuliko kama usingeichovya kabisa. Ikikaa mno inakuwa imepikwa, na ukija kuipika tena inapondeka. Tumia saa.

Kiasi cha maji kina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Weka lita 4 za maji kwa kila gramu 450 za mboga iliyokatwa, katika sufuria kubwa yenye mfuniko. Maji yachemke kwa nguvu ndipo mboga iingie, ikiwa ndani ya kikapu cha waya au kitambaa chembamba cha kuchujia ili itoke yote kwa wakati mmoja. Funika. Maji yakirudi kuchemka ndipo uanze kuhesabu. Yanapaswa kurudi ndani ya dakika 1. Yakichelewa zaidi ya hapo, umeweka mboga nyingi kuliko maji yanavyoweza kubeba, basi punguza awamu inayofuata. Maji hayohayo yanaweza kutumika kwa awamu kadhaa, ukiongeza yanapopungua na kuyabadilisha yakichafuka.

Muda wenyewe ni huu. Njegere zilizomenywa, dakika 1 na nusu. Spinachi na majani mengine laini, dakika 2. Majani magumu ya jamii ya kabichi, dakika 3. Karoti zilizokatwa vipande au duara, dakika 2. Karoti ndogo nzima, dakika 5. Maharagwe machanga yenye maganda, dakika 3. Brokoli na koliflawa, vichane visivyozidi upana wa sentimita 4, dakika 3. Kabichi iliyokatwakatwa nyembamba, dakika 1 na nusu. Ikiwa vipande vikubwa, 3. Bamia ndogo dakika 3, kubwa dakika 4, na uache kikonyo bila kukitoboa ili ute usitoke. Biringanya, vipande vya duara, dakika 4 katika maji yaliyotiwa maji ya limau, la sivyo yatakuwa meusi. Mahindi ya kukatwa punje huchovywa na gunzi lake kwa dakika 4, yapozwe, ndipo ukate punje. Ukitaka kuyagandisha na gunzi, muda ni mrefu zaidi: dakika 7 kwa dogo, 9 kwa la wastani, 11 kwa kubwa, kwa sababu gunzi lenyewe lina vimeng'enya na lisipopata joto hadi katikati litaharibu ladha ya punje.

Ukiishi mita 1,500 au zaidi juu ya usawa wa bahari, ongeza dakika 1, maana maji ya huko huchemka yakiwa na joto pungufu.

Brokoli na koliflawa zina wadudu wanaojificha ndani ya vichane. Kabla ya kuzichovya, ziloweke nusu saa katika maji ya chumvi, vijiko 4 vya chai kwa lita 4, kisha suuza.

Mvuke nao unafaa, hasa kwa brokoli, na hupoteza vitamini kidogo kuliko maji, lakini muda wake ni takriban mara moja na nusu ya ule wa maji na mboga lazima zikae tabaka moja tu. Zikirundikana, za katikati hazipati kitu. Maikrowevu siipendekezi kwa hatua hii, kwa kuwa joto lake haliingii sawasawa na sehemu nyingine hubaki na vimeng'enya hai.

Zipo mboga zisizohitaji kuchovywa. Vitunguu maji, pilipili hoho na pilipili kali hukatwa na kugandishwa vikiwa vibichi. Nyanya nazo huingia nzima, ukitoa kikonyo tu. Siku ya kuzitumia unazipitisha chini ya maji ya bomba na ganda linachomoka lenyewe. Zitafaa kwa mchuzi, si kwa kachumbari. Boga, viazi vitamu na kiazisukari hupikwa kabisa hadi kuiva kabla ya kugandishwa. Na vingine afadhali uviache: matango, majani ya saladi, figili mbichi. Hivi vyote ni maji matupu yaliyoshikwa na kuta nyembamba za seli, na barafu ikishazipasua kuta hizo hakuna kinachobaki. Viazi mviringo vibichi navyo huwa vyeusi na majimaji.

Kupoza na kukausha

Mboga ikitoka motoni bado inaendelea kuiva kwa joto lililo ndani yake. Itumbukize mara moja kwenye maji yenye barafu tele. Kipimo kizuri ni kilo 1 ya barafu kwa kila kilo ya mboga, na muda wa kupoza ni sawa na muda uliotumia kwenye moto. Kama huna barafu ya kutosha, tumia maji baridi yanayotiririka au ubadilishe maji mara nyingi, ukihakikisha hayapandi juu ya nyuzi 15. Vunja kipande kimoja uguse katikati. Kikiwa bado na uvuguvugu, rudisha. Ila usisahau mboga humo. Zikishapoa zitoe, kwa sababu kila dakika ya ziada zinanywa maji na kutoa ladha.

Sasa kukausha, hatua ninayoitilia mkazo kuliko zote na ambayo maelekezo mengi huipitia kwa sentensi moja. Maji yaliyobaki juu ya mboga yanaharibu mambo manne kwa mpigo. Yanaganda na kuzishikanisha mboga zikawa jabali moja. Yanaongeza barafu mfukoni, na siku ya kupika barafu hiyo inashusha joto la sufuria hivi kwamba mboga inachemka badala ya kukaangika. Yanavutwa na mashine hadi kwenye mdomo wa mfuko na kuzuia mshono usishike. Na yanaufanya mfuko uonekane umefungwa vizuri wakati vinjia vidogo vya hewa vimebaki chini ya maji hayo.

Basi chuja, kung'uta, halafu zitandaze juu ya taulo safi la pamba, tabaka moja, ukizigeuza na kuzipangusa kwa taulo la pili. Brokoli na koliflawa zisimame kichwa chini, maana hushika maji mengi kuliko zinavyoonekana. Chombo cha kuzungusha cha kukaushia saladi husaidia sana kwa maharagwe, njegere na karoti. Majani hayakaushiki hivyo: yaminye kwa mikono hadi maji yaache kutiririka, kisha yafinyange madonge ya kutosha mlo mmoja.

Kugandisha haraka

Maji yanapoganda polepole hujenga fuwele chache na kubwa zenye ncha, na hizo ndizo zinazotoboa kuta za seli. Yakiganda haraka, fuwele huwa nyingi na ndogo, na kuta nyingi husalimika. Clarence Birdseye wa Marekani alijenga biashara yake juu ya jambo hili baada ya kuona huko Labrador, Kanada, jinsi samaki walivyoganda papo hapo kwenye baridi kali na kubaki wazuri. Bidhaa zake zilianza kuuzwa madukani Springfield, Massachusetts, mwaka 1930. Friza ya nyumbani haiwezi kasi ya kiwandani, lakini unaweza kuipunguzia kazi.

Eneo baya ni kati ya nyuzi 0 na takriban nyuzi 5 chini ya sifuri, ambako sehemu kubwa ya maji huganda. Lengo ni kulipita upesi. Siku moja kabla, weka kidhibiti cha friza kwenye baridi ya mwisho. Ingiza mboga zikiwa zimeshapoa, ikiwezekana baada ya kukaa kidogo kwenye jokofu. Tandika karatasi ya kuokea juu ya sinia, panga vipande visigusane, na usukume sinia hadi liguse ukuta au rafu yenye mirija ya baridi. Njegere na punje za mahindi huwa ngumu ndani ya saa moja au mbili. Vipande vikubwa huchukua saa tatu hadi nne. Vikishakuwa vigumu vitoe na uvifunge. Sinia lisilofunikwa likilala humo usiku mzima, mboga hukauka juu.

Usiijaze friza kwa siku moja. Kwa kila lita 100 za nafasi, vitu vipya visizidi kilo 3 hadi 5 katika saa 24. Friza ya lita 200, kwa mfano, itabeba kilo 6 hadi 10. Ukizidisha, kila kitu kinaganda polepole, na hata vile vilivyokuwa humo vinapanda joto na kuanza kuunda fuwele kubwa upya. Kipimajoto kidogo ndani ya friza ni kifaa cha bei ndogo chenye msaada kuliko vingi vinavyonunuliwa kwa kazi hii.

Mashine ya vakyumu

Adui mkubwa wa chakula kilichoganda ni ukavu. Hewa ya friza ni kavu sana, na barafu iliyo juu ya chakula hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji, kisha mvuke huo huganda upya kwenye ukuta wa mfuko. Mahali ulipotoka panabaki pakavu, pamefifia, pagumu kama sifongo ya zamani, na oksijeni inaingia kwenye vitundu hivyo na kuchachusha ladha. Friza zinazojiyeyusha barafu zenyewe huzidisha tatizo, kwa sababu kila zinapojipasha joto kidogo hali hiyo hujirudia. Plastiki inayolala juu ya chakula bila nafasi ya hewa huuzuia mvuke usipate pa kwenda. Hiyo ndiyo faida halisi ya vakyumu.

Mashine za nyumbani ni za aina mbili. Ya kwanza hushika mdomo wa mfuko tu na kuvuta hewa kupitia hapo. Ni ndogo na ndiyo iliyoenea. Hii inataka mifuko maalumu yenye upande mmoja wa vinundu au mifereji, ili hewa ipate njia plastiki inapobana. Mfuko laini pande zote utajifunga mapema na kuacha hewa chini. Ya pili ina chemba: mfuko wote unaingia ndani na hewa ya chemba nzima inatolewa, kwa hiyo mifuko laini inafaa na majimaji hayakimbilii mdomoni. Lakini katika chemba chakula lazima kiwe baridi. Shinikizo likishuka hadi takriban milibari 23, maji ya nyuzi 20 huchemka, na mchuzi vuguvugu utamwagika mashine nzima.

Mfuko mzuri una tabaka zaidi ya moja: nailoni kwa nje, inayozuia oksijeni, na poliethilini kwa ndani, inayoyeyuka na kushikana. Mifuko ya kawaida ya poliethilini pekee hupitisha oksijeni pole pole; inafaa kwa wiki chache, si kwa mwaka.

Kunja mdomo wa mfuko nje, upana wa vidole vitatu, kabla ya kujaza, ili ndani pasiguswe na maji wala vipande. Jaza mboga zilizokwisha kuganda, kiasi cha mlo mmoja, na uzitandaze ziwe bapa zenye unene wa sentimita 2 hadi 3. Mfuko bapa huganda haraka, huyeyuka haraka na hupangika. Acha sentimita 7 tupu juu. Kunjua mdomo, pangusa ndani kwa karatasi kavu, unyooshe kwa mikono miwili ndipo ufunge mfuniko wa mashine. Ikimaliza, ziba mara ya pili milimita chache kutoka mshono wa kwanza. Mshono wa pili haugharimu kitu na umeokoa mifuko mingi.

Mshono ukikataa kushika, sababu karibu daima ni mojawapo ya hizi. Unyevu: ukanda wa moto unaugeuza mvuke, na mvuke unaacha mapovu ndani ya mshono. Kunyanzi: mkunjo mmoja mdogo ni mfereji wa hewa. Joto kupita kiasi: ukiziba mifuko mingi mfululizo, ukanda unapata moto sana na kuikonda plastiki, ipumzishe mashine kama kitabu chake kinavyosema, na kama ina daraja la joto, lishushe. Kama hewa haitoki kabisa, kagua mpira unaozunguka chumba cha kuvutia. Punje moja ya mchanga au ufa mdogo unatosha kuuharibu. Mpira huo hubonyea na kubaki bapa ukihifadhi mashine mfuniko ukiwa umebanwa, ihifadhi umeachia.

Mfuko uliokuwa umebana ukilegea ndani ya friza, unavuja. Uminye ndani ya bakuli la maji utazame mapovu yanakotokea. Yakitoka kwenye mshono, rekebisha uzibaji. Yakitoka ubavuni, kuna kitu kilichochoma, kwa kawaida ncha ya gunzi, kikonyo au kona ya barafu. Mara ijayo funika ncha hizo kwa karatasi ya kuokea iliyokunjwa kabla ya kufunga. Kabichi, brokoli, koliflawa, vitunguu na uyoga vikifungwa vibichi na kuwekwa kwenye jokofu hutoa gesi na kuvimbisha mfuko, kwa hiyo za jamii ya kabichi zichovywe kwanza, na vyote vigandishwe kabla ya kufungwa.

Stroberi, papai lililoiva na matunda mengine laini yasifungwe kabla ya kuganda, maana mashine itayaponda na kuvuta maji yake. Hata yakiwa yameganda, tumia kitufe cha kuvuta kwa awamu kama kipo, na usimamishe plastiki inapoanza kulala juu ya tunda.

Vakyumu si mbadala wa baridi

Naomba sehemu hii isomwe taratibu. Bakteria wengi wanaooza chakula na kukitia harufu wanahitaji oksijeni. Clostridium botulinum, bakteria anayetengeneza sumu inayoweza kuua, haihitaji. Inastawi pasipo hewa, katika vyakula visivyo na asidi ya kutosha, yaani vyenye pH (kipimo cha asidi) ya zaidi ya 4.6, na karibu mboga zote ziko hapo. Mbegu zake hazifi kwa kuchovywa kwenye maji yanayochemka wala kwa kugandishwa. Ndani ya friza haziwezi kufanya lolote. Lakini mfuko uliofungwa bila hewa ukiachwa mezani uyeyuke, umeipa mazingira inayoyapenda, na umewaondoa wale bakteria wengine ambao wangekuonya kwa harufu. Baadhi ya aina zake huweza kukua hata kwenye nyuzi 3, yaani ndani ya jokofu la kawaida.

Kwa hiyo mboga ya vakyumu iliyoganda iyeyushwe kwenye jokofu, mfuko ukiwa umekatwa wazi, au ipikwe moja kwa moja kutoka friza. Usiiache mezani. Kitunguu saumu kibichi na uyoga mbichi usivifunge kwa vakyumu na kuviweka nje ya friza, na kitunguu saumu kilichosagwa na mafuta kiende friza papo hapo, kisikae kabatini. Mfuko uliovimba kwenye jokofu utupe bila kuonja.

Pia, mboga iliyochovywa dakika 2 haijaiva, na baridi haiui bakteria aitwaye Listeria. Kati ya 2015 na 2018 mlipuko wa Listeria uliohusishwa na mahindi na mboga nyingine zilizogandishwa uliwapata watu 47 katika nchi tano za Ulaya, na 9 kati yao walifariki. Njegere na mahindi kutoka friza yapikwe hadi moto ufike katikati hata kama unakusudia kuyatia kwenye saladi baridi, hasa kama mezani kuna mjamzito, mzee au mgonjwa.

Matunda

Matunda ni kazi nyepesi. Mengi hayachovywi, kwa sababu tunayapenda mabichi na joto lingewapokonya kile kile tunachokitafuta. Chagua yaliyoiva kabisa lakini bado yana uthabiti, friza haiivishi. Yaoshe machache machache katika maji baridi bila kuyaloweka, yakaushe, ndipo umenye au utoe vikonyo. Stroberi ikitolewa kikonyo kabla ya kuoshwa hunywa maji kupitia tundu lile.

Maembe, nanasi na papai hukatwa vipande vya sentimita 2 hadi 3, hugandishwa kwenye sinia, kisha hufungwa. Ndizi humenywa kwanza, kwani ganda lililoganda huwa jeusi na halitoki kwa urahisi. Parachichi likigandishwa vipande hulegea. Lipondwe na maji ya limau, litiwe kwenye mfuko bapa. Tikiti maji lifanye barafu ya juisi, basi.

Tatizo kubwa la matunda ni weusi. Tufaha, peasi, pichi na ndizi zina kimeng'enya ambacho kikikutana na oksijeni hugeuza nyama kahawia dakika chache baada ya kukatwa. Dawa bora ni vitamini C ya unga: koroga nusu kijiko cha chai katika vijiko 3 vya mezani vya maji, nyunyizia takriban lita 1 ya vipande vya tunda, ukivigeuza polepole. Maji ya limau husaidia pia, ila kwa nguvu ndogo, na huacha uchachu wake. Tufaha za kupikia unaweza kuzipitisha kwenye mvuke kwa dakika 2 badala yake. Matunda haya yasikae kwenye vyombo vya shaba au chuma kinachopata kutu, kwa sababu asidi hula madini hayo na kuharibu rangi na ladha.

Sukari haihitajiki kwa usalama. Inasaidia umbo na rangi. Kwa stroberi zilizokatwa, gramu 150 za sukari kwa gramu 600 za tunda, zichanganywe taratibu na kuachwa hadi sukari iyeyuke kwa maji ya tunda lenyewe. Pichi na peasi hupendeza zaidi katika shira baridi ya gramu 400 za sukari kwa gramu 600 za maji, zizamishwe zote. Shira na mashine inayoshika mdomo wa mfuko haviendani: gandisha kwanza katika kopo, kisha ulitoe jiwe zima la barafu na kulifunga. Katika kopo acha nafasi, sentimita 1 na nusu kwa nusu lita na sentimita 2 na nusu kwa lita nzima lenye mdomo mpana, kwa sababu maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Chupa za kioo zenye mabega hupasuka hapo hapo kwenye mabega.

Asiye na mashine

Tumia mfuko mzito wa friza wenye zipu. Weka mboga au matunda yaliyoganda, funga zipu ukiacha upenyo wa kidole, kisha uzamishe mfuko polepole kwenye bakuli la maji hadi maji yafike karibu na zipu. Shinikizo la maji husukuma hewa itoke. Funga, toa, pangusa. Matokeo yanakaribia ya mashine kwa vitu vya miezi mitatu hadi minne, na kwa tunda laini njia hii ni ya upole zaidi.

Kuhifadhi na kupika

Andika jina, kiasi na tarehe kwenye mfuko ukiwa bado mtupu. Wino haushiki kwenye plastiki yenye umande. Katika nyuzi 18 chini ya sifuri isiyoyumba, mboga na matunda hubaki vizuri miezi 8 hadi 12. Vakyumu huurefusha muda huo, na baada ya hapo chakula bado ni salama, ladha tu ndiyo inayopungua.

Mboga nyingi usiziyeyushe. Ziingie sufuriani zikiwa zimeganda, maji kidogo sana, moto mkali, na muda mfupi kuliko wa mboga mbichi kwa kuwa zimeshapata joto mara moja. Za kukaanga ziende kwenye kikaango kilichopata moto sana, kidogo kidogo, bila mfuniko. Mahindi ya gunzi yanahitaji kuyeyuka kiasi kwenye jokofu, la sivyo punje zitaiva na gunzi libaki baridi. Matunda ya kula bila kupika yaletwe mezani yakiwa bado na barafu kidogo katikati, maana yakishayeyuka kabisa hulegea.

Umeme ukikatika, usifungue mlango. Friza iliyojaa hushika baridi kwa saa 48, iliyojaa nusu kwa saa 24. Umeme ukirudi, pima. Mifuko ambayo bado ina fuwele za barafu, au iliyo kwenye nyuzi 4 au chini ya hapo, inaweza kugandishwa tena, ingawa itakuwa laini zaidi. Ipange mbele itumike kwanza, kwenye supu na michuzi. Mboga zilizokaa juu ya nyuzi 4 kwa zaidi ya saa 2 zitupe, hata kama mfuko bado umebana.